TOBA YENYE RISITI: Ndugu wa Uamsho na Uadilifu wa Mkristo

Leo sikuletei neno fupi la asubuhi kama kawaida. Nataka tukae pamoja kidogo na historia ya kanisa hapa Afrika Mashariki, kwa sababu kuna swali ambalo wachungaji huulizwa kwa siri, mlango ukiwa umefungwa, na nadhani wakati umefika tulijibu hadharani.

Swali ni hili: mtu akiokoka Jumapili, zile pesa alizokula Ijumaa ni za nani?

Wengi wetu tuna jibu la haraka. Tunasema damu imeosha, ukurasa ni mpya, tusonge mbele. Na ni kweli kabisa, damu ya Yesu inaosha dhambi zote, sitapunguza hata tone moja la ukweli huo. Lakini yule mama wa sokoni aliyekupa bidhaa kwa mkopo, ukazima simu, bado anangoja. Yule jirani ambaye mpaka wa shamba lake ulisogezwa usiku, bado anautazama kila asubuhi akienda kukama ng'ombe. Wewe umesamehewa na unaimba. Yeye hana pesa wala shamba, na anakuona ukipita na Biblia.

Mpendwa, kabla yetu walikuwako watu katika nchi hizi hizi waliolikabili swali hili. Wazee wetu waliwaita "ndugu". Kule Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Agikuyu waliwaita Ahonoki, maana ni ile ile. Kama umewahi kuimba "Tukutendereza Yesu" kwenye mazishi au kwenye ushirika wa nyumbani, umeimba wimbo wao. Leo nataka tujue walichoishi, maana wimbo wao tumeurithi lakini sina hakika kama tumerithi na maisha yao.

*WATU WAWILI JUU YA KILIMA*

Mwaka wa 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika kufanya kazi ya umisheni katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, karibu na Ziwa Muhazi. Alifika wakati mbaya. Njaa kali ilikuwa imeipiga Rwanda, na mwaka wa 1928 na 1929 watu wengi walikufa. Daktari alifanya kazi hadi akaishiwa nguvu za mwili na za roho.

Mwezi wa Septemba 1929 alisafiri kwenda Kampala. Pale juu ya kilima cha Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kianglikana, alikutana na Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Wote wawili walikuwa na njaa moja: dini walikuwa nayo, nguvu hawakuwa nazo. Walikaa na Biblia, wakapekua mistari inayosema juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba. Baada ya siku hizo, Nsibambi aliacha kazi yake ya serikali akawa mhubiri wa injili. Daktari akarudi Gahini.

Angalia jambo hili, mpendwa. Huyu alikuwa mzungu na yule Mwafrika, mwaka wa 1929, wakati wa ukoloni. Wakati huo mzungu alifundisha na Mwafrika akasikiliza. Hawa walipiga magoti pamoja kama watu wawili wenye upungufu. Uamsho wetu ulianzia hapo, kwa watu waliokubali kusema ukweli juu ya hali yao.

*HOSPITALI ILIYOKUWA NA UGONJWA WAKE*

Sasa njoo Gahini. Hospitali ya misheni ilikuwa na matatizo. Wafanyakazi hawakupatana, na mambo hayakwenda inavyostahili mahali panapoitwa pa Mungu. Kiongozi wa wahudumu wa hospitali aliitwa Yosiya Kinuka. Naye alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza hali ya hospitali.

Nsibambi alimsikiliza. Kisha, badala ya kumpa pole, akamrudishia swali. Akamwonyesha kwamba hospitali iko vibaya kwa sababu moyo wake yeye Kinuka uko vibaya.

Hebu fikiria. Wewe umesafiri kutoka mbali ukashtaki kazini kwenu, bosi, wenzako, idara nzima. Halafu mtu wa Mungu anakutazama anakwambia, tuanze na wewe. Wengine wetu tungehama kanisa. Kinuka alirudi nyumbani akiwa na neno hilo kifuani, akayatoa maisha yake kwa Kristo, akawa mmoja wa nguzo za uamsho. Yule aliyekuwa akilalamika juu ya hospitali akawa mahali pa kwanza ambapo hospitali ilianza kupona.

Mpendwa, sisi Wakenya tunajua kulalamika juu ya ufisadi. Tunajua nani alikula pesa gani na alijenga wapi. Lakini uamsho haukuanza na orodha ya dhambi za wakubwa. Ulianza na mhudumu mmoja wa hospitali akikubali kwamba yeye pia ni sehemu ya ugonjwa.

*MOTO UNASAMBAA*

Nsibambi alikuwa na ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, aliyekwenda Gahini kufundisha. Huyu kijana alichoma watu kwa mahubiri yake. Mwisho wa mwaka wa 1933, wakati wa Krismasi, kulikuwa na mkutano Gahini. Siku zilipita kwa mafundisho ya kawaida, halafu watu wakaanza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuungama dhambi zao, na maungamo hayo yakaendelea kwa muda mrefu.

Mwaka wa 1935 moto ulifika Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Kigozi alikuwa ameandaa mambo matatu ya kupeleka mbele ya sinodi ya kanisa la Uganda: ubaridi wa kanisa, watu wanaoishi dhambini waziwazi huku wakishiriki Meza ya Bwana, na ni nini kifanyike ili uamsho uje. Lakini aliugua homa akafa Januari 1936, akiwa bado kijana. Neno lake likabaki: *Zukuka*, yaani amka.

Mwaka wa 1937 timu ya ndugu ilifika hapa kwetu Kenya, Kabete. Mwaka wa 1938 kukawa na mkutano Maseno. Kutoka hapo ushirika ulienea Mkoa wa Kati na Nyanza, ukaingia kwa Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Mwaka wa 1949 Kabete palifanyika mkutano mkubwa wa ndugu.

Nisimame hapo nikwambie jambo wazi. Watu hawa hawakuwa Wapentekoste. Hawakujulikana kwa kunena kwa lugha, na wengi wao walibaki ndani ya makanisa yao ya zamani. Sisi tuliojazwa na Roho na kunena tusije tukadhani hatuna la kujifunza kwao. Roho Mtakatifu aliyetushukia sisi kwa ndimi ndiye aliyewashukia wao kwa kuwahukumu kuhusu dhambi. Na huenda kile alichowapa wao ndicho sisi tunachokipungukiwa zaidi wakati huu.

*WALIRUDISHA*

Wale ndugu walijulikana kwa nini kijijini? Walijulikana kwa kurudisha.

Mtu alipookoka, alitubu mbele za Mungu, kisha akafunga safari. Alikwenda kwa yule aliyemwibia. Vilivyoibwa vilirudi kwa wenyewe, madeni yaliyosahaulika yalilipwa, na kodi iliyokwepwa ilipelekwa ofisini. Waajiri na maofisa wa serikali ya wakati huo walishangaa kuona mtu akija na mali ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta.

Chifu ambaye hakuelewa mahubiri alielewa pesa iliyowekwa mezani. Jirani ambaye hakutaka kusikia habari za wokovu aliisikia sauti ya mbuzi wake akirudi nyumbani. Ndiyo maana naiita toba yenye risiti. Si kwamba malipo yananunua msamaha, hasha. Msamaha ulilipiwa msalabani, hakuna mwenye uwezo wa kuongeza hata shilingi. Risiti hailipi deni, risiti inaonyesha kwamba kitu cha kweli kimetendeka.

Na hawakubuni jambo hili. Walilisoma. Fungua Biblia yako tuone.

Mambo ya Walawi 6:1-7. Mtu aliyemdhulumu mwenzake, au aliyeficha amana, au aliyeokota kitu cha mtu akakana, anaamriwa arudishe kitu chenyewe chote na aongeze sehemu ya tano. Yaani kama ni shilingi 10,000, unarudisha 12,000. Tena anampa mwenyewe siku ile ile anapotoa sadaka yake ya hatia. Mambo mawili yanakwenda pamoja: madhabahuni na kwa mwenyewe.

Hesabu 5:6-8. Hapa kuna utaratibu ambao ningependa kila mmoja wetu aukariri. Kwanza unamlipa uliyemkosea. Kama hayupo, unamlipa jamaa yake wa karibu. Kama hana jamaa, ndipo inakuwa ya Bwana, inapewa kuhani. Umeona nafasi ya kuhani? Ni ya tatu! Mchungaji wako yuko namba tatu kwenye foleni, na anafikiwa tu ikiwa hakuna mwingine wa kulipwa.

Mathayo 5:23-24. Bwana Yesu mwenyewe anamwambia mtu aliye madhabahuni, akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende apatane kwanza, ndipo arudi.

Luka 19:8. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru. Nusu ya mali kwa maskini, na yeyote aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Yesu alimwagiza kiasi. Neema iliingia nyumbani, na mifuko ikafunguka yenyewe.

Sasa linganisha na sisi. Mtu amekula pesa za chama cha akina mama, au za dawa za zahanati. Dhamiri inamsumbua. Anafanya nini? Anakuja kanisani na bahasha nene. Anatoa kwa ujenzi, anatoa kwa mabati, anapewa maikrofoni, anashangiliwa. Mpendwa, sadaka haifui pesa. Ukiiba ng'ombe Kitui ukamtolea Mungu mguu mmoja Nairobi, mwenye ng'ombe bado analia. Mungu wetu si mshirika wa kugawana.

*KIOO CHA KILA WIKI*

Utauliza, waliwezaje kuendelea hivyo baada ya ule mshtuko wa kwanza kupoa?

Walikuwa na ushirika. Walikutana kila wiki, wanaume kwa wanawake, na mara nyingine wazungu kwa Waafrika, jambo lililokuwa geni kabisa siku hizo. Walisoma Neno. Kisha kila mtu alieleza anavyotembea na Bwana juma hilo. Hawakueleza alivyookoka mwaka ule. Walieleza juma hilo. Nimemkasirikia mke wangu. Nimedanganya kwa fundi. Nina wivu juu ya huyu ndugu. Waliita hivyo kutembea nuruni, wakisimama juu ya 1 Yohana 1:7, na mtu aliyejitetea waliona hajavunjika bado. Akiungama, waliimba Tukutendereza.

Kwa njia hii dhambi haikupata nafasi ya kukua. Uongo wa shilingi hamsini uliungamwa ukiwa wa shilingi hamsini, kabla haujawa wa milioni tano. Sisi siku hizi tunangoja mpaka kesi ifike kwenye magazeti. Mtu ana ushirika wa maombi, kwaya, kesha na makundi saba ya WhatsApp, lakini hana mtu hata mmoja anayeweza kumuuliza, "Ndugu yangu, ile pesa ya harambee iko wapi?"

Je, wewe unaye mtu wa namna hiyo? Usijibu haraka.

*GHARAMA YAKE*

Sikufichi, uadilifu huu uliwagharimu.

Mwaka wa 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono kule Uganda, wanafunzi 26 waliokuwa ndugu wa uamsho walifukuzwa, William Nagenda akiwa kati yao. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakikemea dhambi waziwazi, na uongozi ukawaamuru waache. Hawakuacha. Wakapoteza nafasi ya kuwa makasisi. Nagenda hakupata kamwe kuwekewa mikono, lakini akawa mmoja wa wahubiri wakubwa wa uamsho, ndani na nje ya Afrika.

Kisha ikaja miaka ya hatari hapa kwetu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walidai ardhi na uhuru, na madai yao yalikuwa na haki. Ardhi ilikuwa imenyang'anywa kweli. Lakini kiapo kiliwaweka ndugu katika njia panda. Wengi wao walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kunywa kikombe cha damu ya Kristo na hawawezi kuchanganya na damu nyingine. Upande wa pili, serikali ikawataka washike bunduki kama walinzi wa vijiji. Wengi wakakataa na hiyo pia, kwa sababu hawakuwa tayari kumwua mtu.

Basi wakabaki katikati bila ulinzi. Huku wanaonekana wasaliti, huku wanaonekana wakaidi. Wengine walipigwa na wengine wakauawa. Ukienda Murang'a leo utaona kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakristo waliokufa siku zile. Ndani yake kuna picha kubwa ukutani za maisha ya Yesu, zilizochorwa na Elimo Njau, mchoraji kutoka Tanzania, na Yesu yumo katika nchi ya Kiafrika, kati ya watu wetu.

Mpendwa, mtu hawezi kupata ujasiri wa namna hiyo usiku ambao mlango unagongwa. Aliyezoea kubadilisha neno lake kwa ajili ya chai ya shilingi mia mbili, atalibadilisha kwa ajili ya panga. Wale ndugu walikuwa wamefanya mazoezi kwa miaka, kwenye madeni ya mahindi na maungamo ya hasira.

*KUTOKA KIJIJINI HADI MBELE YA AMIN*

Tarehe 6 Januari 1948, katika nchi ya Acholi kaskazini mwa Uganda, mwalimu kijana aliokoka kupitia uamsho huu. Jina lake Janani Luwum. Miaka ilipita, akawa kasisi, akawa askofu, na mwaka wa 1974 akawa askofu mkuu.

Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Watu walikuwa wakipotea. Mapema Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwa askofu mkuu usiku wakitafuta silaha. Hawakupata. Maaskofu wakamwandikia Amin barua, wakataja mauaji na dhuluma, wakaweka majina yao chini ya barua hiyo.

Tarehe 16 Februari 1977 viongozi wa dini waliitwa Kampala. Wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Walioona mwili wake waliona majeraha ya risasi. Alizikwa kwao Mucwini. Lakini kule Kampala kaburi lilikuwa limechimbwa tayari kwa ajili yake, na likabaki tupu. Unajua lilichimbwa wapi? Namirembe. Kilima kile kile ambapo watu wawili waliochoka walikuwa wamefungua Biblia mwaka wa 1929.

Rafiki yake, Askofu Festo Kivengere, naye mtoto wa uamsho, alikimbia na mkewe wakavuka milima usiku hadi Rwanda. Baadaye aliandika kitabu kidogo akakiita kwa Kiingereza *I Love Idi Amin*, yaani "Ninampenda Idi Amin". Wengi walishangaa. Lakini kwa mtu wa uamsho haikuwa ajabu sana. Aliyezoea kuungama chuki ndogo kila juma hawezi kuiacha chuki kubwa ilale moyoni.

Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa Uganda. Na barua ile ya maaskofu, mimi naiona kama mtoto wa mbuzi waliorudishwa. Mtu aliyejifunza kusema ukweli mbele ya jirani yake ndiye aliyeweza kuusema mbele ya rais.

*TUSIGEUZE KUWA SHERIA*

Neno la tahadhari. Ndugu nao walikuwa binadamu. Kadiri miaka ilivyopita, wengine walianza kupima wokovu kwa vitu vya nje. Miaka ya 1970 kulitokea mgawanyiko, kundi la waliojiita wameamka tena likawaona wenzao wamelegea, na suala la madeni na mikopo likawa moja ya mambo ya kubishania. Kitu kilichoanza kama furaha ya Zakayo kikageuka kuwa mzigo wa Mafarisayo.

Kwa hivyo sikwambii kwamba kuwa na mkopo wa SACCO ni dhambi. Kukopa ukalipa ni uadilifu. Tatizo ni kukopa ukiwa umekwisha kuamua moyoni kwamba hutalipa, ukawaacha wadhamini wako wakatwe mshahara, huku wewe umehamia kanisa lingine na ushuhuda mpya.

*SASA WEWE*

Najua kuna mtu anasoma hapa na moyo unampiga. Mungu hakukufikishia ujumbe huu ili akuaibishe. Wacha nikupe hatua chache.

1. *Andika majina.* Chukua karatasi mbele za Mungu. Nani unamdai haki yake? Mwajiri, mfanyakazi wa nyumbani uliyemkata mshahara bila sababu, mwenye nyumba uliyehama usiku, aliyekutumia pesa kwa M-Pesa kimakosa ukanyamaza, ndugu zako mliogawana shamba la marehemu baba. Andika jina na kiasi.

2. *Anza na unayeweza kumfikia wiki hii.* Usingoje mpaka upate zote. Kama unadaiwa 30,000 na una 1,000, peleka hiyo 1,000 na umwambie ukweli. Watu wengi huumizwa na kimya kuliko deni.

3. *Nenda bila kujitetea.* Usimweleze vile na yeye alivyokukosea. Usidai akusamehe papo hapo. Kulipa ni wajibu wako, kusamehe ni kati yake na Mungu.

4. *Ungama mahali dhambi ilipofika.* Iliyomhusu mtu mmoja, nenda kwa mtu mmoja. Iliyohusu kanisa, kanisani. Si kila jambo ni la maikrofoni. Na kama ungamo lako litamharibia mtu mwingine ndoa au jina, au ni jambo la kisheria, usiende peke yako. Keti kwanza na mchungaji wako au mzee mcha Mungu, na ikibidi, wakili.

5. *Kama mwenyewe amekufa au hajulikani,* fuata Hesabu 5. Tafuta jamaa yake. Hapo mwisho kabisa ndipo ulete nyumbani mwa Bwana.

6. *Tafuta ushirika wa kweli.* Watu wawili au watatu, mkutane kila wiki, muulizane maswali magumu.

Utaniambia, "Mchungaji, nikifanya hivyo nitapoteza kazi." Inawezekana. Wale wanafunzi wa Mukono walipoteza chuo. Sitakudanganya kwamba kila anayerudisha anapandishwa cheo kesho yake. Ninachojua ni kwamba Methali 28:13 inaahidi rehema kwa anayeungama na kuacha, na kwa anayeficha haiahidi kufanikiwa. Na ninajua watoto wako wanakutazama. Siku moja watasimulia wokovu wako, na hawatasimulia ulivyoruka kwenye ibada ya sifa. Watasimulia siku ile baba alitoka na baiskeli yake, akaenda kwa mzee wa ng'ambo, akarudi kwa miguu akiimba.

Na wewe mtumishi mwenzangu unayesoma hii: tusipokee bahasha bila kuuliza. Tukimnyamazia mwizi kwa sababu anatununulia viti, tumekuwa washirika wake. Tumwambie kwa upendo, "Mzee wangu, hii pesa rudisha kwanza kwa wenyewe, halafu uje tuombe." Huenda ujenzi ukachelewa. Kanisa la Kristo litakuwa limejengwa.

Tuombe.

Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Zakayo, ingia na nyumbani kwangu. Asante kwa damu inayoosha. Nionyeshe majina niliyoyasahau kwa makusudi. Nipe miguu ya kwenda, kinywa cha kusema ukweli na mkono wa kurudisha. Kama kuna gharama, unishike. Liponye kanisa la Kenya, ukianza na mimi. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama umeandika hata jina moja kwenye ile karatasi, usinitumie amina hapa chini. Mpigie simu huyo mtu kwanza.

Mungu akubariki. Tuonane Jumapili.